Je, ni kujiongoza mwenyewe kulikomfilisi Jacques Tati?

"Shikamoo mwalimu. Nina kikundi cha vichekesho. Mimi ndiye ninayeandika, ninayeongoza na ninayemwigiza mhusika wetu mkuu. Klipu zetu zinatazamwa sana, na sasa tunataka kufanya filamu ndefu. Kuna mtu yuko tayari kunikopesha, ila anataka niweke rehani kiwanja alichotuachia marehemu baba, pamoja na haki za klipu zetu zote za zamani. Rafiki yangu kanionya kwamba nitaishia kama Jacques Tati, yule Mfaransa wa filamu bubu aliyefilisika kwa kiburi cha kutaka kufanya kila kitu mwenyewe. Nikaitafuta filamu yake ya PlayTime, nikaitazama kwenye simu, nikaishia dakika ya 30. Sikuona hadithi, sikuona mhusika mkuu, sikuona cha kunichekesha. Je, ni kweli mwigizaji hafai kujiongoza? Na huyu mtu anasifiwa kwa lipi, au ni mimi tu nisiyeelewa?"

Marahaba, kijana wangu. Barua yako ina hofu mbili zilizofungwa kwa kamba moja: unaogopa kupoteza mali ya familia, na unaogopa kwamba labda jicho lako la filamu halijaiva. Hiyo ya pili itoe moyoni kabisa. PlayTime kwenye simu ni karibu sawa na kutoitazama, na nitakueleza sababu. Hiyo ya kwanza ni ya kweli, nami naomba uendelee kuiogopa mpaka ufike mwisho wa jibu hili.

Rafiki yako anakutakia mema, ila alichokuambia kimechanganya mambo. Tati hakutengeneza filamu bubu. Hakufanya kila kitu peke yake. Kufilisika alifilisika kweli, lakini sababu uliyopewa siyo.

Tuanzie alikotoka. Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1907 huko Le Pecq, nje kidogo ya Paris, akiitwa Jacques Tatischeff. Upande wa baba ana asili ya Kirusi, upande wa mama ya Kiholanzi. Babu yake mzaa mama alikuwa na biashara ya fremu za picha, na kijana akaingizwa humo kujifunza kazi. Hakudumu. Kilichomtoa ni raga. Alikuwa mrefu, karibu mita 1.9, akichezea Racing Club de France, na mechi zikiisha aliwaigiza wenzake: kipa wa mpira wa miguu, bondia, mcheza tenisi, farasi na mpanda farasi. Miaka ya 1930 maigizo hayo yakapanda jukwaani kwenye kumbi za burudani. Mwandishi Colette alimwona akamsifu sana gazetini, akishangaa jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa mchezaji, mpira na raketi kwa wakati mmoja.

Angalia basi: kabla hajaongoza chochote alikuwa ameshakula miaka mingi akiusoma mwili wa binadamu mbele ya watazamaji wanaocheka au wanaonuna papo hapo. Na alipoingia kwenye filamu aliongozwa na wengine kwanza. Filamu fupi ya Soigne ton gauche ya mwaka 1936, ambamo anaigiza kibarua wa shamba anayejikuta ulingoni, iliongozwa na René Clément. Baada ya vita Claude Autant-Lara akampa nafasi ya mzuka katika Sylvie et le fantôme. Kiti cha uongozaji alikikalia sawasawa kwenye L'École des facteurs, filamu fupi kuhusu tarishi wa posta, wakati Clément alikuwa na shughuli nyingine. Kwa hiyo kujiongoza kulimjia polepole, tena akiwa karibu na miaka 40.

Hata hapo hakuwa peke yake. Aliandika na Henri Marquet. Mchoraji Jacques Lagrange alikaa naye miaka mingi akibuni seti na vichekesho. Filamu ndefu mbili za mwanzo alizitayarisha Fred Orain, mtu wa hesabu aliyejua pesa inatoka wapi na inakwenda wapi. Jina la Orain lishike, tutalirudia. Baadaye Sophie, binti wa Tati, akawa mhariri. Ni kweli neno la mwisho lilikuwa la Tati, na ni kweli alikuwa msumbufu: alirudia picha mpaka watu wakachoka, na alimwigizia kila mtu nafasi yake, hatua kwa hatua, kisha akamtaka aifanye vilevile. Wengi aliowachagua hawakuwa waigizaji wa kazi. Usimfanye mtakatifu pia: wakati wa vita alizaa binti na msanii mwenzake wa jukwaani, akamwacha bila kumlea, na jambo hilo limeendelea kuwasumbua wanaoandika habari zake hadi leo.

Sasa hili la "filamu bubu". Chukua Jour de fête, filamu yake ndefu ya kwanza. Wakati wa vita alijificha karibu na kijiji cha Sainte-Sévère-sur-Indre, katikati ya Ufaransa, akikwepa kupelekwa kufanya kazi Ujerumani. Mwaka 1947 akarudi na kamera, akawatumia wanakijiji wenyewe. Yeye ni François, tarishi wa kijiji mwenye baiskeli, anayeonyeshwa filamu kuhusu posta ya Marekani na kuamua naye kupeleka barua kwa kasi ya Kimarekani.

Kuna sehemu moja ndogo humo. Tafadhali itafute uitazame ukiwa umevaa spika za masikioni. Mkulima yuko juu ya kilima, karibu na kamera, anakata majani. Kwa mbali, chini barabarani, François anapita na baiskeli. Mara anaanza kurusha mikono hewani kama mwendawazimu. Tunasikia mvumo wa nyuki. Mvumo unahama, François anatulia, na sasa ni mkulima aliye karibu nasi anayejipiga kofi za shingo. Anatulia, mvumo unarudi barabarani, na kule mbali mikono inaanza tena. Nyuki mwenyewe hatumwoni hata mara moja. Ondoa sauti uone kinachobaki: watu wawili wasiojuana wanaorusha mikono bila sababu. Kichekesho chote kimo kwenye sauti, na kwenye uamuzi wa kuiacha kamera mbali ili hao wawili wakae ndani ya picha moja. Angekata akatuonyesha uso wa François kwa karibu, kisha uso wa mkulima, tungeambiwa wapi pa kucheka. Yeye anakuachia utafute mwenyewe.

Huo ndio ufundi wake, na haukubadilika hadi mwisho. Alipiga picha kwanza bila kujali sauti ya pale pale, kisha akajifungia studio akazijenga sauti moja baada ya nyingine, akiamua zipi zisikike na zipi zife. Maneno ya watu aliyafanya kuwa kelele kama kelele nyingine: sentensi nusu, mnong'ono, tangazo la kituo cha treni lisiloeleweka. Ndiyo maana watu humwita bubu. Kwenye Les Vacances de Monsieur Hulot ya mwaka 1953, iliyopigwa ufukweni Saint-Marc-sur-Mer, mlango wa chumba cha kulia hotelini hutoa mlio wa uzi uliovutwa kila mhudumu apitapo. Mara ya kwanza hutaujali. Kufika mara ya tano utakuwa unausubiri.

Hapo ndipo alipozaliwa Hulot, mhusika anayeigizwa na Tati mwenyewe: kofia, koti la mvua, kiko mdomoni, suruali fupi kuliko inavyopaswa na mwendo wa kuinama mbele kama anayesukumwa na upepo. Kiko hicho kina kisa chake. Mwaka 2009, kwa maonyesho makubwa ya Paris, mabango yaliyowekwa kwenye mabasi na treni yalimwonyesha Hulot na kichezeo cha rangi ya njano kinachozungushwa na upepo badala ya kiko, kwa kuogopa sheria ya matangazo ya tumbaku. Naamini Tati mwenyewe angelicheka sana. Ukisikia mtu akimlinganisha na Mr Bean, si vibaya, maana Rowan Atkinson, anayemwigiza Bean, mwenyewe amesema filamu hiyo ya ufukweni ilimfundisha mengi. Lakini Bean hubeba kila kichekesho mgongoni, ilhali Hulot mara nyingi anapita tu, na vichekesho vinatokea kwa wengine baada ya yeye kuondoka.

Mwaka 1958 ikaja Mon Oncle. Hulot ni mjomba maskini anayeishi mtaa wa zamani, na dada yake ameolewa kwenye nyumba ya kisasa iliyojaa mashine. Bustanini kuna samaki wa chuma anayerusha maji juu. Kengele ya geti ikilia, mama mwenye nyumba anakimbilia swichi kumwasha samaki. Akigundua aliyekuja ni kaka yake au mleta mizigo tu, anamzima. Yaani maji ni ya wageni wa heshima. Nadhani hata mtu asiyejua Kifaransa wala Ufaransa anamfahamu mama huyu. Filamu ilipata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, kisha Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Tati akawa na umaarufu, na akawa na uwezo wa kukopa.

Hapo ndipo pa kusoma kwa makini.

Tati alimchoka Hulot. Alitaka filamu ambayo kila mtu kwenye picha ni mhusika mkuu, na Hulot awe mmoja wao tu, hata watu wengine wanafananishwa naye kwa makosa. Ndiyo maana hukumwona "mhusika": amefichwa makusudi. Kwa ajili hiyo alijenga mji mzima karibu na msitu wa Vincennes, kusini-mashariki mwa Paris, kwenye eneo la mita za mraba zipatazo 15,000, wenye barabara, taa za magari, ngazi za umeme na majengo ya vioo na chuma, mengine yakiwa juu ya magurudumu yaweze kusogezwa. Watu wakauita Tativille. Kazi ilianza 1964. Dhoruba ikabomoa sehemu ya seti mapema. Pesa zikaisha, kazi ikasimama, ikaanza tena, ikasimama tena. Filamu ikatoka Desemba 1967.

Na alipiga kwa filamu pana ya milimita 70, ili mtazamaji kwenye skrini kubwa achague mwenyewe pa kuangalia: kona ya kushoto mtu anapambana na kiti kinachopumua, katikati wageni wanapiga picha, nyuma kabisa kuna watu, na baadhi yao ni sanamu tu zilizokatwa kwenye karatasi ngumu. Kwenye simu yako vyote hivyo ni vidoa. Mgahawa wa Royal Garden, unaochukua sehemu kubwa ya nusu ya pili, hukuufikia. Humo mlango wa kioo unavunjika vipandevipande, na bawabu anabaki na kishikio cha shaba tu mkononi. Basi anakishika hewani na kuwafungulia wageni mlango ambao haupo, nao wanapita kwa heshima zote, wengine wakimpa bahashishi. Kwa upande wako nakubali jambo moja: dakika 30 za mwanzo ni kavu. Zimefanywa kavu kwa kusudi, ili baadaye mambo yakianza kubomoka uone raha yake, lakini kujua kusudi hakufanyi kungoja kuwe kwepesi.

Kilichomfilisi basi ni nini? Safari hii hakuwa na mtu wa kukaa kiti cha Orain. Walikuwa wameachana, na Tati alikuwa na kampuni yake, Specta Films, ambamo mwenye ndoto na mwenye kusema "basi, pesa imekwisha" walikuwa mtu mmoja. Gharama zilipopita makadirio alikopa zaidi, hata kwa jina lake mwenyewe. Filamu ilihitaji kumbi zenye projekta za milimita 70, ambazo hazikuwa nyingi, naye hakutaka kulegeza. Marekani, ambako Mon Oncle ilipendwa, haikuonyeshwa mpaka 1973. Alianza kuikata filamu, ikatoka zaidi ya saa mbili na nusu hadi kubaki saa mbili hivi, lakini tiketi hazikuweza kufikia deni.

Matokeo ndiyo haya. Nyumba ya familia huko Saint-Germain-en-Laye iliuzwa, muda mfupi baada ya kifo cha mama yake. Tativille, ambayo alitamani ibaki kuwa studio ya vijana wanaojifunza, ilibomolewa. Na lililo baya kuliko yote kwa macho yangu: filamu zake za awali, ambazo zilishapendwa na watu na zingeweza kumlisha uzeeni, zilitumbukia kwenye shimo hilohilo. Zilishikiliwa na wadai, watu wakazikosa kwa miaka. Mwaka 1974 kampuni ilivunjwa na haki za filamu zikapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Filamu moja iliyoshindwa kurudisha pesa ilizila zile zilizofaulu.

Ndiyo maana sikubaliani na neno la rafiki yako. Kujiongoza kulimpa Tati filamu nne ambazo mtu mwingine asingeweza kuziongoza, kwa sababu kichekesho kilikuwa mwilini mwake na masikioni mwake. Waigizaji wengi wa Ufaransa wamejiongoza vizuri bila kupoteza nyumba. Kosa liko mahali wewe ulipolitaja kwa pumzi moja, kama jambo dogo: "pamoja na haki za klipu zetu zote za zamani".

Nikupe maoni yangu waziwazi. Una njia kama tatu. Unaweza kutengeneza filamu ndogo kwa pesa mliyonayo, kwa kasi yenu, kwenye mtaa mmoja na watu wa mtaa huo. Tati alifanya hivyo Sainte-Sévère, na ile ndiyo filamu iliyompa tuzo ya uandishi kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 1949. Hasara yake ni kwamba itachelewa na haitang'aa. Unaweza kutafuta mtayarishaji mwenza anayeleta pesa kwa kupewa sehemu ya mapato ya filamu hiyo moja. Hapo utagawana uamuzi, mtagombana, na pengine atakulazimisha kukata unachokipenda, lakini filamu ikianguka inaanguka peke yake. Au unaweza kukopa. Kukopa si dhambi, ila mkopo wa filamu ulipwe na filamu, kwa kikomo kilichoandikwa, usivuke kwenda kwenye kazi za zamani wala ardhi ya ukoo. Mimi ningeshika ya kwanza au ya pili. Ya tatu, kwa masharti uliyoyaeleza, nisingeigusa.

Na vyovyote utakavyochagua, tafuta Orain wako: mtu asiyeigiza, asiyekuogopa, aliyeandikwa kwenye mkataba kwamba gharama zikipita kiasi fulani ana haki ya kusimamisha kazi. Rafiki wa kikundini haifai. Mtakuwa mnacheka pamoja usiku, asubuhi hawezi kukukatalia. Weka pia akiba ya kiufundi. Jour de fête ilipigwa kwa kamera mbili, moja ya rangi za Thomsoncolor na moja ya nyeusi na nyeupe. Maabara ikashindwa kuzichapa zile rangi, na kama si kamera ya pili kusingekuwa na filamu kabisa. Rangi zenyewe zilikuja kuokolewa mwaka 1995, yeye akiwa ameshakufa.

Jibu la maandishi kama hili lina mpaka wake. Mkataba wako sijauona, na sheria ya ardhi hutofautiana nchi hadi nchi. Kabla ya kutia saini nenda ana kwa ana kwa wakili anayejua masuala ya hakimiliki, umpe karatasi zote, hata zile unazoona ni fomu tu. Muulize: kampuni ikivunjika, deni linanifuata mimi? Haki za klipu zinatolewa kwa muda gani, na zinarudi lini? Je, wenzangu wanaoonekana kwenye klipu wameridhia? Kiwanja cha marehemu baba si chako peke yako hata kama hati iko mkononi mwako. Mama na ndugu zako wakae kikao wasikie masharti kutoka kwa wakili mwenyewe, wasiyasikie kutoka kwako. Na mkopeshaji akikwambia hakuna haja ya wakili, sitisha mazungumzo siku hiyohiyo.

Kuhusu kumtazama Tati, anza na Jour de fête au Les Vacances, halafu Mon Oncle. PlayTime iache mpaka upate ukumbi au angalau televisheni kubwa na spika nzuri, na utafute toleo lililofanyiwa ukarabati mwaka 2002, lenye dakika 124. Trafic ya mwaka 1971 huonekana ya kawaida mbele ya hizo, ila mimi naipenda: Hulot anasafirisha gari la kupigia kambi kwenda maonyesho ya Amsterdam na haliishi kuharibika njiani. Parade ya 1974 aliifanya akiwa hana kitu, kwa pesa za televisheni ya Sweden, sehemu kubwa kwa kamera za video, yeye akiwa mshereheshaji wa sarakasi na kurudia yale maigizo ya michezo ya ujanani. Alipewa César ya heshima, tuzo ya filamu ya Ufaransa, mwaka 1977 na akafa Novemba 1982, akiacha mswada wa filamu iitwayo Confusion ambayo haikutengenezwa. Binti yake Sophie, pamoja na Jérôme Deschamps na Macha Makeïeff, ndio waliokuja kuzikusanya tena haki za filamu hizo chini ya kampuni moja, karibu miaka 20 baada ya kifo chake.